Kujijengea nakala ya Champ 5F1 Arusha au Moshi: fedha inaenda wapi, na kazi inafanywaje

Fungua Fender Champ 5F1, amplifaya ndogo ya gitaa ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ndani utakuta valvu 3 (zile chupa za kioo za redio za zamani), rezista 12, kapasita 6, transfoma 2 na poti moja ya volyumu. Basi. Nakala yake iliyojengwa kwa mkono na fundi mdogo wa Marekani au Ulaya huuzwa karibu dola 1,000, pengine zaidi, wala hakuna kipuri cha siri ndani yake. Mchoro wa saketi umeenea kila mahali na thamani za rezista zimeandikwa humo humo. Unacholipia ni saa za mikono, transfoma zilizosukwa vizuri na jina la aliyelehemu. Mwongozo huu ni wa mpiga gitaa au fundi redio wa Arusha na Moshi anayetaka kutoa saa zake mwenyewe, akatumia fedha pale tu inapobadilisha sauti.

Onyo kabla ya yote. Ndani ya amplifaya hii mna volti 350 za DC, na kapasita huzishika hata plagi ikiwa imechomolewa ukutani. Umeme huo unaua. Kama hujawahi kutengeneza kifaa cha umeme wa nyumbani na kutumia mita kwa uhakika, fanya kazi hii ukiwa na mtu aliyewahi.

Kwa nini watu wanazitaka amplifaya za valvu

Valvu haikati sauti ghafla inapozidiwa. Ukipapasa nyuzi unapata sauti safi ya kung'aa. Ukizipiga kwa nguvu sauti inajikaza na kuanza kukwaruza, na ukipunguza mkono inarudi kuwa safi. Volti za 5Y3, ile valvu ya kugeuza AC kuwa DC, hushuka kidogo unapopiga kwa nguvu kisha hupanda tena, na mpigaji huhisi noti "inavuta pumzi". Kwa anayepiga solo ya dansi au rumba, ambaye kazi yake yote imo kwenye namna kidole kinavyogusa uzi, tofauti hiyo inasikika kwenye baa mbili za kwanza za wimbo.

Sababu ya pili haitajwi sana, na kwetu huku ndiyo kubwa: inatengenezeka. Amplifaya nyingi za kisasa za bei nafuu zina bodi yenye vipuri vidogo kama punje ya mtama, na chipu moja ikifa bodi nzima inatupwa. Hii unaiona yote kwa macho. Fundi yeyote wa Mbauda au Majengo mwenye mita na pasi ya kulehemu anaweza kubadilisha kipuri chochote ndani yake, leo na miaka 30 ijayo.

Wala usione aibu kujenga nakala. Mwaka 1962 jijini London, Ken Bran na Dudley Craven wa duka la Jim Marshall walichukua saketi ya Fender Bassman 5F6-A wakaijenga kwa vipuri walivyoweza kuvipata Uingereza: transfoma za kwao, spika za kwao, na valvu ya ECC83 mahali pa 12AY7. Ikazaliwa Marshall JTM45, na sauti ilibadilika kwa sababu vipuri vilibadilika. Kwa upande mwingine yuko Howard Dumble wa Marekani, aliyemwagia gundi ngumu ya epoksi juu ya saketi zake ili zisinakiliwe. Leo amplifaya zake huuzwa zaidi ya dola 100,000, na bado zimenakiliwa. Usianze na nakala ya Dumble wala ya Trainwreck, amplifaya ya Mmarekani Ken Fischer. Hizo zina nguvu kubwa ya kukuza, na waya mmoja ukipita pabaya amplifaya nzima hupiga mluzi. 5F1 inasamehe makosa ya mpangilio, ndiyo maana tumeichagua.

Hesabu ya fedha

Tuchukue dola moja kwa shilingi 2,600. Wewe weka bei ya siku yako. Amplifaya iliyokamilika ya dola 1,000, ukiongeza dola 250 za kuileta kwa ndege, inafika 1,250. Ukiihesabu kwa ushuru wa forodha wa 25%, kisha VAT ya 18% inayotozwa juu ya bei pamoja na ushuru, unapata 1,250 × 1.25 × 1.18 = dola 1,843.75, yaani shilingi 4,793,750, kabla ya tozo ndogo na malipo ya wakala.

Ukiagiza vipuri, bei za kawaida ni hizi: transfoma ya umeme dola 80, transfoma ya kutolea sauti 45, valvu tatu 70, spika ya inchi 8 dola 45, rezista na kapasita 40, na soketi, poti, jeki na kishika fyuzi 35. Jumla 315. Usafiri kama 90, maana transfoma ni chuma. Inakuwa 405. Hata ukivitoza vyote ushuru ule ule wa juu, na vingine huangukia kundi la chini, haizidi shilingi 1,553,000 hivi. Ongeza 150,000 hadi 200,000 kwa karatasi ya alumini, mbao, kitambaa, nyaya na plagi za hapa hapa mjini. Baki inakaribia milioni 3, na hiyo ndiyo bei ya mikono. Anayejenga mara ya kwanza atumie saa 30 hadi 40, na asiharakishe.

Usimwombe muuzaji aandike bei ndogo kwenye ankara. Forodha wanaweza kukataa bei hiyo na kukadiria yao, na mzigo unakaa wakati wewe unabishana. Mwombe aandike kila kipuri kwa jina lake na bei yake halisi, na afunge valvu kwenye boksi ndani ya boksi.

Pa kubana matumizi ni kwenye kapasita za mapambo. Kuna kapasita za dola 15 kila moja zinazosifiwa kama uganga. Kapasita ya filamu ya 0.022 µF ya volti 630, ya dola moja, itafanya kazi ile ile, na gitaa likiwa mkononi hutazitofautisha. Rezista za kaboni za kizamani nazo ziache: huleta sauti ya mchanga na thamani yake huhama kadiri miaka inavyopita. Chukua za metali za wati 1.

Transfoma, hapa usikosee

Vifurushi vingi vya kujijengea huja na transfoma ya volti 120, Hz 60. Huku ni volti 230, Hz 50. Usijaribu kuokoa jahazi kwa kuweka kishusha volti nje: transfoma iliyobanwa kwa ajili ya Hz 60 tu hupata moto zaidi kwenye Hz 50, na sanduku lako litakuwa na vitu viwili vya kuungua badala ya kimoja. Agiza yenye upande wa kuingizia wa volti 230 au 240, na ukipata yenye ncha zote mbili chukua hiyo, utumie ya 240. Upande wa kutolea unataka 325-0-325 (volti 325 kila upande wa ncha ya katikati) kwa miliampia 70 au zaidi, 6.3 V kwa ampia 2, na 5 V kwa ampia 2.

Mafundi wa kusuka mota na transfoma wapo Arusha na Moshi, na transfoma ya umeme wanaiweza ukiwapa namba hizo kwa maandishi. Dai karatasi ya kuhami kati ya kila tabaka, na kabla ya kulipa ipimwe kwa mega (mita ya kupima uhami) ya volti 1,000 kati ya upande wa kuingizia, upande wa kutolea na chuma chenyewe. Sindano ya mega isipokaa juu kabisa, usiichukue.

Transfoma ya kutolea sauti ni habari nyingine. Kwenye 5F1 valvu ya mwisho ni moja, hivyo mkondo wa DC wa kama miliampia 40 hupita ndani ya transfoma muda wote. Mkondo huo hushibisha chuma kwa sumaku. Ili usishibishe, bati za herufi E zote hupangwa upande mmoja na za herufi I upande wa pili, na katikati huwekwa kipande chembamba cha karatasi. Fundi aliyezoea transfoma za umeme huzipishanisha bati moja moja, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kwenye kazi yake ya kila siku. Ukiletewa iliyopishanishwa, amplifaya itawaka, itatoa sauti, na besi yote itakuwa imepotea. Utahangaika wiki nzima ukibadilisha kapasita zisizo na kosa. Tunashauri hii inunuliwe tayari: ya 6V6 moja, 5k hadi 7k (ohmu elfu 5 hadi 7) upande wa valvu, na ncha za ohmu 4 na 8 upande wa spika.

Vipuri vingine

Valvu: 12AX7 moja, 6V6GT moja, 5Y3GT moja. Rezista: 68k mbili, 1M moja, 1.5k mbili, 100k mbili, 22k mbili, 10k moja ya wati 2, 220k moja, na ohmu 470 ya wati 5. Kapasita: 0.022 µF mbili, 25 µF ya volti 50 moja, na za kuchuja tatu: 16 au 22 µF moja na 8 au 10 µF mbili. Poti ya 1M ya volyumu, aina ya ongezeko la logi. Ongeza vitu vitatu ambavyo mchoro wa asili hauna: rezista mbili za ohmu 100 kwa ajili ya hita (nyuzi za ndani zinazopasha valvu joto), na 220k ya wati 2 ya kumwaga chaji.

Kapasita za kuchuja ziwe za volti 500. Mchoro wa zamani unaonyesha za 450, lakini 5Y3 hupata moto haraka kuliko 6V6. Kwa sekunde chache baada ya kuwasha hakuna kinachonywa umeme, na volti 325 za AC zinaweza kupanda hadi 325 × 1.41, karibu 460. Kapasita ya 450 hustahimili mara ya kwanza na ya hamsini. Siku moja inavimba. Ya kwanza isizidi 22 µF. Ukiweka 47 au 100 kwa nia ya kupunguza mvumo, kila ukiwasha 5Y3 inapigwa na mkondo mkubwa mno, na inakufa mapema.

Chesisi na ethi

Karatasi ya alumini ya mm 2 iliyokunjwa kwa mashine ya bati inatosha. Pima soketi zako kabla ya kutoboa: za pini 8 nyingi hutaka tundu la mm 28 hadi 30, za pini 9 mm 19 hadi 22. Panga valvu kwa mstari: 5Y3 karibu na transfoma ya umeme, 6V6 katikati, 12AX7 mbali kabisa upande wa jeki ya gitaa. Transfoma mbili zigeuziane kwa nyuzi 90, ubavu wa moja ukitazama mbele ya nyingine. Kabla ya kutoboa matundu ya transfoma ya sauti, unganisha hedifoni kwenye upande wake wa spika, washa transfoma ya umeme peke yake, ncha zake zote za kutolea zikiwa zimefungwa kwa mkanda wa kuhami, kisha zungusha ile nyingine taratibu kwa mkono. Utasikia mvumo ukipanda na kushuka. Pale unapokaribia kupotea, hapo ndipo pa kutoboa.

Michoro ya miaka ya 1950 inaonyesha waya wa umeme wenye nyuzi mbili. Usiufuate. Tumia kebo ya nyuzi tatu na plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 3. Kahawia ndiyo laivu: iingie kwenye kishika fyuzi kwanza, halafu swichi, halafu transfoma. Fyuzi ya ndani iwe T500mA (nusu ampia, aina ya kuchelewa kukatika) ya volti 250. Kijani-njano iende kwenye bolti yake peke yake kwenye chesisi, yenye washa ya meno na nati mbili. Usiibane kwenye bolti ya transfoma, maana siku transfoma ikilegezwa ethi nayo inalegea. Iache iwe ndefu kuliko nyingine mbili, ili kebo ikivutwa ichomoke mwisho. Pima kati ya pini ya ethi ya plagi na chesisi: isizidi nusu ohmu. Kisha kagua kama soketi ya ukutani nayo ina ethi ya kweli. Nyumba nyingi zina tundu la tatu lisilounganishwa na chochote.

Kulehemu, kwa mpangilio huu

Anza na hita, kwa sababu zinakaa chini kabisa kwenye kona za chesisi. Sokota nyaya mbili za 6.3 V pamoja, mizunguko minne au mitano kila sentimita 5, kutoka transfoma hadi pini 2 na 7 za 6V6, halafu hadi 12AX7: pini 4 na 5 zikiunganishwa pamoja kwa waya mmoja, pini 9 kwa wa pili. Kama hita haina ncha ya katikati, weka ohmu 100 kutoka kila waya kwenda ethi. Bila hivyo hita hazina marejeo, na mvumo hautaisha.

Halafu 5Y3. Nyaya za 5 V kwenye pini 2 na 8, za volti kubwa kwenye 4 na 6, na DC inatoka pini 8. Ncha ya katikati ya volti kubwa iende moja kwa moja kwenye mguu hasi wa kapasita ya kwanza, si kokote kwenye chesisi. Kutoka kapasita ya kwanza waya mmoja unaenda transfoma ya sauti, na upande wake wa pili kwenye pini 3 ya 6V6. Rezista ya 10k inapeleka umeme kwenye kapasita ya pili, inayolisha pini 4. Rezista ya 22k inaupeleka kwenye ya tatu, inayolisha 100k mbili za 12AX7. Ile 220k ya wati 2 ikae sambamba na kapasita ya kwanza. Ukizima, itashusha volti hadi chini ya 10 kwa kama nusu dakika. Hata hivyo pima kila mara kabla ya kuingiza kidole.

Pini 8 ya 6V6 ipate ohmu 470 na 25 µF, zote kwenda ethi. Rezista hii inapata joto: iinue mm 5 juu ya kibao cha kupachikia vipuri, na kapasita isiiguse. Pini 5 ipate 220k kwenda ethi na 0.022 kutoka pini 6 ya 12AX7. Kwenye 12AX7, nusu ya kwanza iwe pini 1, 2, 3 na ya pili 6, 7, 8. Pini 3 na 8 zipate 1.5k kila moja. Jeki ya gitaa inapita 68k hadi pini 2, na 1M kutoka jeki kwenda ethi. Pini 1 inatoa sauti kupitia 0.022 hadi poti, na katikati ya poti kuna waya hadi pini 7. Mwisho kabisa, 22k iliyobaki itoke kwenye jeki ya spika hadi pini 8 ya 12AX7. Huo ndio mrejesho hasi, yaani sauti kidogo inayorudishwa nyuma kuituliza amplifaya.

Kiungo kizuri kinang'aa, na lehemu imetambaa juu ya waya na mguu wa kibao kwa pamoja. Pasi ya wati 40 hadi 60, sekunde mbili tatu, na usipulize. Lehemu iliyobaki kama tone la mshumaa, kijivu na lenye ukingo wa duara, haijashika: itakubali leo, na amplifaya itakohoa ikipata moto. Arusha asubuhi za Juni na Julai chesisi ni baridi na hunyonya joto la pasi, hivyo viungo vya ethi kwenye chuma vinataka pasi kubwa zaidi, au kipete kilichobanwa kwa bolti.

Kuwasha mara ya kwanza

Tengeneza taa ya kujaribia: kishika balbu kilichounganishwa kwa mfululizo kwenye waya wa laivu. Balbu iwe ya waya unaowaka, wati 100. Za LED hazifai kabisa. Balbu za namna hiyo zimeadimika madukani, lakini maduka ya pembejeo bado huuza za kupashia vifaranga joto, na hizo zinafaa.

Washa kwanza bila valvu yoyote. Balbu ikimulika kidogo na kufifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima. Bila valvu pima hita tu: karibu 3.4 V kila upande kwenda ethi. Usiiweke 5Y3 peke yake, maana bila mzigo volti zote zitaiangukia kapasita. Weka valvu zote tatu, na spika iwe imeunganishwa tayari. Amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe bila spika, kwa sababu transfoma ya sauti isiyo na mzigo hupiga cheche ndani na kuungua.

Balbu ikifanya ilivyotarajiwa, iondoe na uwashe umeme kamili. Kibanio cheusi cha mita kiwe kimebanwa kwenye chesisi, mkono mmoja ukae mfukoni, viatu vya mpira miguuni. Tegemea takriban hivi: kapasita ya kwanza volti 330 hadi 360; pini 4 ya 6V6, 290 hadi 320; kapasita ya tatu 230 hadi 260; pini 1 na 6 za 12AX7, 140 hadi 180; pini 8 ya 6V6, 17 hadi 21.

Namba ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Tuseme umepata volti 19 pini 8 na 345 pini 3. 19 ÷ 470 = miliampia 40. 345 − 19 = 326. 326 × 0.040 = wati 13, pamoja na kidogo kinachopita pini 4. 6V6 inabeba hiyo. Ukipata 22 na 365, hesabu inafika wati 16, na ukizima taa ya chumba utaona bati la ndani ya valvu likianza kuwa jekundu kama mkaa. Badilisha 470 iwe 680. Chanzo mara nyingi ni 5Y3 mpya isiyoshusha volti kama za zamani, au mtu aliyeweka GZ34, valvu nyingine ya kugeuza AC kuwa DC, kwa kuwa inaingia kwenye soketi ile ile. Inaingia, ndiyo, na inapandisha volti kwa 30 au zaidi.

Inapogoma

Ikipiga kelele ya filimbi mara tu inapopata moto, mrejesho hasi umegeuka chanya. Zima, subiri, badilishana nyaya mbili za upande wa spika wa transfoma ya sauti. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na si kosa lako: rangi za nyaya hutofautiana kwa watengenezaji.

Mvumo una aina mbili, jifunze kuzitofautisha kwa sikio. Wa Hz 50 ni mzito na laini, unatoka kwenye hita au waya wa kuingizia gitaa. Wa Hz 100 ni mkali zaidi, una mikwaruzo, na unatoka kwenye uchujaji. Zima amplifaya, chomoa 12AX7, uwashe tena: mvumo ukiendelea, tafuta kwenye kapasita na 6V6; ukiisha, tafuta kabla ya hapo. Ukipungua unapofunga volyumu, ni jeki au 68k.

6V6 ikiwa nyekundu wakati hesabu ya volti ni sawa, pima DC pini 5. Lazima iwe 0. Hata volti 2 chanya mara nyingi zinaonyesha kapasita ya 0.022 inavuja. Kapasita mbovu ya shilingi elfu tatu huua valvu ya elfu sabini.

Sauti ya kengele ukigonga chesisi? Gonga kila valvu kwa kitako cha kalamu ya mbao, volyumu ikiwa juu. Inayolia sana ndiyo mbaya. Kwa kawaida ni 12AX7.

Spika, kasha na umeme wa mtaani

Spika za gari ziko kila duka na ni za ohmu 4, hivyo vishawishi ni vingi. Angalia namba ya dB, yaani ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa nguvu ile ile: za gari huwa 88 hadi 91, za gitaa 94 hadi 97. Tofauti ya dB 6 ni sawa na kuzidisha nguvu mara 4. Wati 5 kwenye spika ya 97 husikika kama wati 20 kwenye ya 91. Kwa sebule ya Njiro au Soweto ya Moshi hiyo ni kelele tosha. Kanisani penye dramu, weka maikrofoni ya dainamiki sentimita 5 mbele ya spika, ukiisogeza kidogo pembeni mwa kitovu.

Kasha lijengwe kwa paina ya mm 19: upana sm 36, kimo sm 34, kina sm 20, mgongo uwe wazi theluthi moja ili valvu zipumue. Paina ya sokoni mara nyingi ni mbichi. Pima kipande kimoja kwenye mizani ya dukani kila wiki; uzito ukiacha kupungua, imekauka. Ikijengwa mbichi, kasha hupinda na spika huanza kutetemeka kwenye noti za chini. Kitenge kinapendeza sana kuvisha kasha, lakini usikiweke mbele ya spika. Weka gunia la katani lililofumwa wazi. Kipimo ni mdomo wako: bana kitambaa midomoni upulize. Pumzi ikipita bila kulazimisha, sauti nayo itapita.

Umeme unaposhuka hadi volti 190, hita za 6.3 hubaki na 5.2, na sauti hufifia kama imefunikwa blanketi. Unapopanda, kila kitu ndani hupanda nao. Stabilaiza ya VA 500 inatosha, maana amplifaya hunywa kama wati 50. Umeme ukikatika zima swichi, na uache dakika mbili baada ya kurudi. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi hufanya transfoma ingurume, na mngurumo huo hakuna kapasita itakayouondoa.

Ukiamua kuiuza, usibandike nembo ya Fender. Saketi ya zamani hiyo ni huru kuijenga, jina si huru. Andika lako, na ndani ya kifuniko bandika karatasi yenye volti ulizopima siku ya kwanza pini kwa pini, ili fundi atakayeifungua miaka mingi baadaye ajue pa kuanzia.